Picha za Familia Nakuru: Kutoka Studio hadi Simu

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mwaka uleule ambao kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza Brownie, kamera ya dola moja iliyokusudiwa hata watoto waweze kuitumia. Wepesi huo haukuzifikia familia nyingi za Bonde la Ufa. Kwao, kupigwa picha kulimaanisha kwenda studio: mtoto alivalishwa nguo za sikukuu, akasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa, akaambiwa asitikisike.

Mpiga picha wa kutembea ndiye aliyewapunguzia wazazi safari hiyo. Alionekana kwenye harusi, ubatizo na matembezi ya Ziwa Nakuru, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Filamu yake ilikuwa na picha 36 tu, hivyo hakubonyeza ovyo, na mteja alingoja mpaka filamu iishe, ioshwe na picha zichapishwe. Aliyefumba macho alijiona hivyo milele.

Kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Vizazi vyake vya miaka ya 2000, vidogo vya kutia mfukoni, vilimfaa hasa mzazi mwenye shughuli nyingi: vilijirekebisha mwanga vyenyewe, na picha mbaya ilifutwa papo hapo. Zama zao zilikuwa fupi. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, simu ya mkononi ilikuwa imeshaichukua kazi hiyo.