Mti uliozikwa mara mbili

Wadau, sisi watu wa mjini tukisikia habari za viumbe walio hatarini kutoweka, akili inakwenda moja kwa moja kwa faru. Nani anafikiria mti? Leo naomba niwapeleke Kilwa, na si kwenye magofu.

Kuna mti unaitwa Erythrina schliebenii. Maua mekundu, shina limejaa miiba. Mwaka 1998 IUCN, ile jumuiya ya kimataifa ya uhifadhi, iliuandika kwenye Orodha Nyekundu kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena, katika kipande cha msitu kisicho na ulinzi. Basi tukaulinda? Wapi! Mwaka 2008 msitu ule ukafyekwa kupisha shamba la mazao ya kutengenezea mafuta. Na mafuta ya namna hiyo yalinadiwa kuwa ni rafiki wa mazingira...

Wengi wakajua sasa basi. Lakini mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena huko Kilwa. Iliyokomaa haikufika 50.

Wataalamu haohao wakaukuta na mwenzake, Karomia gigas. Huu ulijulikana kwanza Kenya mwaka 1977, kwa mti mmoja tu, nao baadaye ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Kilwa. Shida yake ni uzazi: fangasi hushambulia mbegu, nyingi hazioti. Ndiyo maana mbegu zikapelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na kufikia 2018 miche kadhaa ilikuwa imeota.

Kuna watakaosema tumeporwa. Mimi sioni hivyo. Mti uliobaki michache, ukiwa sehemu moja tu, moto wa siku moja unaumaliza. Miche ya Missouri ni akiba. Ila akiba si shamba. Mche ulio ndani ya nyumba ya vioo, maili elfu kadhaa kutoka kwao, haujawa msitu. Kazi itakamilika miche ikiota Kilwa, mbegu zikaanguka na kuota zenyewe.

Na hilo linarudi kwenye ardhi. Mwaka 2008 aliyekata hakuhitaji kujua alichokata. Kabla ya kumkatia mtu eneo la msitu, tumtangulize mtaalamu wa mimea aingie aone kilichomo. Posho yake ni ndogo kuliko gharama ya kutafuta mti uliokwisha.

Au mnasemaje?