Fizikia ya uzamili: njia iliyosogea karibu na Kivaa

Mwanafunzi wa Kivaa, huko Masinga katika Kaunti ya Machakos, hana haja ya kwenda mbali kuiona fizikia ikifanya kazi. Maji ya Mto Tana huzuiwa bwawani, huporomoka kwenye mabomba na kuzungusha mitambo, kisha nyaya hubeba umeme hadi miji ya mbali. Kituo cha Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968, na bwawa la Masinga likakamilika 1981. Lakini kuuona umeme ni jambo moja, kuisomea sayansi yake hadi uzamili ni jingine.

Njia hiyo ilikuwa ndefu. Royal Technical College ilifungua milango yake Nairobi mwaka 1956. Kuanzia 1961 wanafunzi wake walisomea shahada zilizotolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam ziliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Muungano huo ulivunjika 1970, Nairobi ikawa chuo kikuu kamili chenye mamlaka ya kutoa shahada zake.

Uzamili wenyewe una sehemu mbili. Kwanza ni darasa: mekanika ya kwanta, nadharia ya sumaku-umeme, fizikia ya takwimu na hesabu zake nzito. Kisha huja utafiti na tasnifu, na hapo ndipo mambo hugeuka. Aliyezoea kujibu maswali ya mwalimu sasa hutakiwa kuuliza lake, alipime, na atetee matokeo mbele ya wajuzi.

Thamani ya swali ilionyeshwa na Erasto Mpemba wa Tanganyika. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aligundua kuwa maziwa ya aiskrimu aliyoyatia kwenye friji yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu hakumwamini. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini Osborne alilipeleka swali maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao, na hadi leo wanasayansi wangali wanalijadili jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Leo njia imesogea. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, jirani Kitui, kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Machakos 2016. Kilichobaki kipo chini, katika shule za sekondari, ambako wengi huikimbia fizikia kabla hawajashika kifaa hata kimoja. Wazazi, walimu na viongozi wa Masinga, jengeni maabara na mzijaze vifaa. Na mtoto akiuliza swali la ajabu, msimcheke. Mpeni kipimajoto akapime.