Tarehe ya Tene, Rangi Iliyosingiziwa

Wachoraji wa nembo za Ulaya waliridhika na rangi chache: madini mawili, dhahabu na fedha, kisha nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Nje ya hizo Waingereza waliziweka tatu wakaziita madoa. Mbili ni za jamii ya damu na forosadi. Ya tatu ni tene, kahawia yenye uchungwa ndani yake, rangi ya ngozi iliyoivishwa kwa magome ya mwaloni.

Tene haikuzaliwa na aibu. Mabwana wakubwa wa Uingereza waliwavisha watumishi na askari wao sare za rangi walizozichagua wenyewe, na madoa yalikuwamo: ukoo wa York, uliotoa wafalme, ulivaa forosadi na buluu. Kahawia hii nayo ilivaliwa na watu wa maaskofu. Katika sehemu ya kwanza ya Henry VI, Shakespeare anawaingiza jukwaani watumishi wa Askofu wa Winchester wakiwa na makoti ya rangi hiyo, wapigane na watu wa Gloucester wenye makoti ya buluu.

Kashfa ilitoka vitabuni. Mwaka 1562 Gerard Legh alichapisha The Accedens of Armory, na humo akapanga alama za kumshushia heshima mwenye ngao, zote za madoa. Aliyemwita mwenzake wapigane kisha akarudi nyuma, abandikwe mraba wa tene. Anayejigamba kwa ushujaa asioufanya, pembe ya juu ya ngao, upande wa kulia wa mbebaji, ipakwe tene. Aliyemuua mtu aliyekwisha kusalimu amri, tene ikae chini ya ngao. John Guillim aliyarudia hayo mwanzoni mwa karne ya 17, wengine wakanakili kwa Guillim, na kwa vizazi vingi msomaji wa Kiingereza alifundishwa kwamba tene ni rangi ya waoga na waongo.

Lakini nani aliwahi kuibeba alama hiyo? Arthur Charles Fox-Davies, aliyeandika mwongozo mkubwa wa elimu hii mwaka 1909, aliikataa habari yote. Sababu yake inaeleweka: ngao ilikuwa fahari, na hakuna aliyelazimishwa kuionyesha. Mtu akiambiwa aitundike ikiwa na alama ya woga wake, ataiweka kando tu. Naona hoja hiyo inatosha kumaliza kesi. Rangi ilihukumiwa kwa adhabu ambayo haikumfika mtu.

Tena desturi za wataalamu haohao zinaitetea. Walikuwa na mtindo wa kutaja rangi za ngao za wakubwa kwa vito na nyota: dhahabu ikawa topazi na jua, fedha ikawa lulu na mwezi. Tene ilipewa hiakintho, jiwe la kumi na moja katika misingi ya mji mtakatifu wa Ufunuo, na Kichwa cha Joka, pale mwezi unapoikata njia ya jua ukipanda kuelekea kaskazini. Kito cha namna hiyo hakitafutiwi mwoga.

Watumiaji wake walibaki wachache. Hata nasaba ya Orange, iliyowapa Waholanzi rangi yao ya chungwa, ngao yake ya kale ni pembe ya buluu juu ya dhahabu, chungwa haimo.

Tene ilipata makao ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1872 kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kilichagua chungwa kuwa rangi yake, na mwaka 1902 kikaongeza nyeupe. Batalioni zake zilipotungiwa nembo rasmi, chungwa hiyo iliandikwa kwa jina la kale, tene. Ni askari wa redio na mitambo ya mawasiliano wanaoivaa, nayo ni rangi ya kazi yao.