Mouton: Kutoka Daraja la Pili hadi la Kwanza

Château Mouton Rothschild ni shamba la mizabibu lililoko Pauillac, kaskazini mwa Bordeaux, Ufaransa. Nathaniel de Rothschild alilinunua mwaka 1853. Miaka miwili baadaye, mvinyo wa Médoc, eneo ambamo Pauillac imo, ulipopangwa kwa madaraja, Mouton iliwekwa daraja la pili. Philippe de Rothschild, aliyeshika usimamizi mwaka 1922, aliamua mvinyo utiwe chupani shambani kwenyewe badala ya kuuzwa kwa mapipa. Kuanzia mavuno ya 1945, lebo zake zilipambwa na wasanii. Mwaka 1973 Mouton ilipandishwa daraja la kwanza. Mvinyo wake mwekundu, unaotokana hasa na zabibu za Cabernet Sauvignon, hukaza ulimi ukiwa mchanga. Ukihifadhiwa kwa miongo kadhaa, hulainika.