Maafikiano ya Marais, Maafikiano ya Wazee

Shasha, kijiji cha Masisi kando ya Ziwa Kivu, kiko kwenye barabara ya Goma kwenda Minova. Waasi wa M23 walipoikata barabara hiyo mapema 2024, jumuiya mbili za kikanda zilikuwa zimekwisha kuleta majeshi katika jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Tofauti kati ya majeshi hayo ilianzia mezani.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka wakuu wa nchi waamue kwa maafikiano. Kongo na Rwanda, inayotuhumiwa kuwaunga mkono M23, zote ni wanachama. Kikosi cha jumuiya kilipoingia Goma Novemba 2022, Kinshasa ilitaka kipigane. Wanachama wengine walikiona kuwa cha kusimamia kuondoka kwa waasi. Kila mmoja aliafiki kwa tafsiri yake. Desemba 2023 kikaondoka, Kongo ikiwa imekataa kukiongezea muda.

Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ikapokea zamu kwa askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Humo Rwanda si mwanachama, hivyo amri ya kupambana na waasi ilipita. Lakini jirani asiyekuwa mezani hakufungwa na neno lolote. Goma ilianguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na Machi SADC ikaufunga ujumbe wake.

Umoja wa Ulaya una njia nyingine: mambo mengi ya soko hupitishwa na asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu wote. Hata hivyo, yakifika masuala ya vita na mambo ya nje, kwa kawaida nao hurudi kwenye kauli moja.

Kivu Kaskazini ilikuwa na maafikiano yake. Barza ya jamii mbalimbali, iliyoanzishwa 1998, iliwakalisha pamoja wazee wa Kihunde, Kihutu, Kitutsi, Kinande na wengineo. Haikuwa na jeshi. Nguvu yake ilikuwa kwamba mzee aliyekubali jambo alirudi kuishi na wale linaowagusa. Siasa zilipowagawa wazee katikati ya miaka ya 2000, ikasambaratika.

Kwa hiyo kasoro haiko kwenye maafikiano yenyewe. Rais anaweza kuafiki Nairobi au Dar es Salaam, akarudi nyumbani bila kuulizwa na yeyote wa Shasha. Jumuiya hizo mbili za kikanda, zilizoketi pamoja Dar es Salaam Februari 2025, hazihitaji kuazima kura ya Ulaya. Zianze kwa kudai kila aliyeafiki aandike atakachofanya, lini, na atawajibika kwa nani asipofanya.