Kutoka Chipukizi hadi Upenyo: Historia Fupi ya Tuzo Moja ya Laureus

Tuzo za michezo za Laureus zilitolewa kwa mara ya kwanza Monaco mwaka 2000. Miongoni mwake ilikuwemo tuzo ya mwanamichezo chipukizi, na aliyeitwaa ni Sergio García, mcheza gofu wa Hispania aliyekuwa na umri wa miaka 20. Miaka michache baadaye jina lilibadilishwa, ikawa tuzo ya mwanamichezo aliyepata upenyo. Insha hii inaonyesha kuwa badiliko hilo la jina lilipanua maana ya tuzo, na kwamba maana hiyo mpya inatupa kipimo cha kuihoji orodha ya washindi wake.

Chipukizi hupimwa kwa umri. Upenyo hupimwa kwa kikwazo kilichoshindwa. Ndiyo maana Nico Rosberg wa Ujerumani aliipata mwaka 2017, ingawa alianza kushindana katika Formula 1 mwaka 2006 na alikuwa ameshastaafu, siku tano tu baada ya kutwaa ubingwa wa dunia. García mwenyewe aliipata tena mwaka 2018, akiwa na miaka 38, baada ya kushinda Masters, taji lake kubwa la kwanza. Mvumilivu hula mbivu, na tuzo ilikubali hivyo.

Sasa tuchukue kipimo hicho hadi mwaka 2012. Tarehe 12 Agosti, siku ya mwisho ya Michezo ya Olimpiki ya London, Stephen Kiprotich wa Uganda alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akiwaacha nyuma Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua aliposhinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972. Kikwazo cha miaka 40 kilianguka siku hiyo.

Tuzo ya 2013 ilikwenda kwa Andy Murray wa Uingereza. Naye alistahili: alipoteza fainali nne za mashindano makubwa ya tenisi kabla ya kushinda US Open mwaka 2012. Hata hivyo, kuanzia 2000 hadi 2025 orodha ya washindi haina hata mmoja aliyewakilisha nchi ya Afrika. Wanaopendekeza majina ni waandishi wa habari za michezo, na wanaopiga kura ni wanamichezo mashuhuri wa zamani.

Hivyo basi, mwanafunzi wa historia aisome orodha hiyo kama chanzo, si kama hukumu. Inatueleza waliotazamwa zaidi. Upenyo wa Kiprotich haumo humo, lakini Waganda waliusubiri miaka 40. Kuuandika ni kazi yetu.