Wahudumu wa Afya na Vita dhidi ya Kidingapopo Vietnam

Kwa miaka mingi, udhibiti wa kidingapopo, yaani homa ya virusi inayoenezwa na mbu Aedes aegypti, ulitegemea sana kupuliza dawa. Mwaka 1993, katika kijiji cha Phan Boi, kaskazini mwa Vietnam, vyombo vya kuhifadhia maji vilitiwa mesosaiklopu, wanyama wadogo wa jamii ya kamba wanaokula viluwiluwi wachanga wa mbu, na mbu huyo akatoweka kijijini. Njia hiyo, iitwayo udhibiti wa kibiolojia kwa kuwa hutumia kiumbe hai dhidi ya kingine, ilipoenezwa kwingine, wahudumu wa afya wa vijijini waliozuru kaya na kukagua vyombo walihitaji kuiamini wao wenyewe kwanza, kwani asiyesadiki hawezi kumshawishi mwenye nyumba aweke wanyama hao katika maji yake.